Bibi, mzani wa pamba na simu

Najua nimepotea sana hapa kijiweni. Msuli wa mitihani ulikuwa si wa kitoto, na baada ya hapo nikaenda zangu Ukerewe kumsalimia bibi. Leo sina stori za hosteli wala za boom. Nina historia kidogo, hasa kwa wale tunaosomea ualimu ambao somo la elimu ya watu wazima tulilipitia kwa desa ili tupite tu.

Mtakumbuka kwenye ile semina nilisema, tena kwa kujiamini, kwamba kisomo cha watu wazima enzi za Mwalimu kilikuwa siasa tupu: watu walifundishwa kuandika majina yao, basi. Wengine mkanipigia makofi. Naomba nifute kauli.

Historia yenyewe ni hivi. Mwaka 1967 takribani watu wazima 67 kati ya 100 nchini hawakujua kusoma na kuandika. Mwaka 1968 serikali na UNESCO wakaanza mradi wa majaribio kanda ya ziwa, katika mikoa ya Mwanza, Shinyanga, Mara na Ziwa Magharibi, ambayo leo ndiyo Kagera. Ulikwenda hadi 1972. Kilichokuwa kipya si a-e-i-o-u. Kipya ni kwamba kusoma hakukufundishwa peke yake. Kulikuwa na vitabu vya pamba, vya uvuvi, vya migomba, vya ufugaji, vya maarifa ya nyumbani. Herufi na hesabu vilikuja humo humo ndani ya kazi ya mtu. Wakakiita kisomo chenye manufaa.

Mwalimu Nyerere akautangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Mwaka 1971 zikachaguliwa wilaya sita za kufuta ujinga kwanza, na Ukerewe ikawemo.

Bibi yangu alikuwa darasani, mtoto mgongoni. Anasema hakufuata herufi, alifuata mzani. Msimu wa pamba karani alikuwa anasoma kilo peke yake, na wewe unapokea unachopewa. Baada ya miezi kadhaa ya kisomo bibi akamwambia karani, "Rudia kupima, hapo sijaona." Anacheka mpaka leo: "Babu yako alijificha nyuma ya magunia kwa aibu!" Karani alirudia. Kilo zikaongezeka.

Mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu kama milioni 2 nchi nzima walikaa kwenye vikundi, wakasikiliza redio, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaenda kufanya. Bibi aliporudi nyumbani kazi ya kwanza ilikuwa kuchimba choo. Waliofaidi ni watoto wake, baba yangu akiwa mmojawapo. Mwanafunzi alikuwa mama, lakini somo lilifika kwa familia nzima.

Kufikia 1986 takwimu za serikali zilisema wasiojua kusoma wamebaki asilimia 9.6. Halafu hali ya uchumi ikawa ngumu, walimu wa kujitolea wakachoka, madarasa yakafa. Sensa ya 2012 ilikuta watu wazima wasiojua kusoma na kuandika ni kama 22 kati ya 100. Tulirudi nyuma jamani.

Sasa ya simu. Mjomba alimtumia bibi 50,000. Kijana mmoja akamsaidia kutoa, namba ya siri akapewa yeye, akamkabidhi bibi 40,000 na kumwambia eti ni makato. Bibi aliyemshinda karani wa mzani, kashindwa na simu! Iliniuma sana.

Nikaanza kumfundisha. Siku ya kwanza nikashusha lekcha: hii ni menyu, hii ni mipangilio, huku ni meseji. Bibi akasinzia. Siku ya pili akaniambia, "Mjukuu wangu, mimi nataka kujua hela yangu imeingia ngapi na imetoka ngapi." Nikanyamaza. Nikafungua ujumbe wa muamala, bibi akavaa miwani, akasoma taratibu kwa sauti: kiasi, makato, salio. Akatoa kwa kichwa, akanipita mimi niliyeshika kalamu. Kusoma, hesabu na teknolojia, vyote kwenye ujumbe mmoja.

Namba ya siri tukabadilisha. Siku ya tano akaenda kutoa mwenyewe, akarudi na hela yake kamili.

Ndiyo maana nafuta kauli, wadau. Hivi karibuni tunakwenda mazoezi ya kufundisha, na maandalio ya somo yetu mengi yanaanza na kitabu. Ya kule Mwanza yalianza na pamba ya mkulima. Hebu niambieni hapo chini: wiki hii mama yako au bibi yako anahitaji kusoma nini? Mimi nawahi kimbweta kabla hakijajaa.