Kutoka Mpinzani hadi Mwalimu: Sataranji Ilivyoingia Kwenye Kompyuta

Mwaka 1952, mjini Manchester, Alan Turing alicheza sataranji na Alick Glennie huku amejinyima haki ya kufikiri. Mbele yake palikuwa na kanuni alizotunga tangu mwaka 1948 pamoja na rafiki yake David Champernowne, na kila zamu yake ilipofika alizifuata kama zilivyo. Malkia alihesabiwa pointi 10, ngome 5, askofu tatu na nusu, farasi 3, askari wa mbele 1. Ilimbidi apime hatua zinazoruhusiwa, apime na majibu ya mpinzani, ajumlishe, kisha asogeze kete iliyochaguliwa na hesabu, hata kama yeye mwenyewe aliiona hatua hiyo ni mbovu. Zamu moja ilimla kama nusu saa. Hapakuwa na kompyuta ya kuiendesha programu ile, kwa hiyo mtunzi wake ndiye aliyegeuka kompyuta. Programu ilishindwa katika hatua 29.

Hamu ya kuona mashine ikicheza ilikuwa ya zamani zaidi. Wolfgang von Kempelen aliwaonyesha wakuu wa Vienna mwaka 1770 sanamu ya Mturuki iliyocheza na kushinda, kumbe ndani ya kabati lake alijificha mtu. Ulaghai ule ulizunguka Ulaya na Marekani hadi sanamu ilipoteketea kwa moto Philadelphia mwaka 1854. Mhispania Leonardo Torres Quevedo ndiye aliyeleta kitu cha kweli: mashine yake ya mwaka 1912 ilijua mwisho mmoja tu wa mchezo, mfalme na ngome dhidi ya mfalme peke yake, lakini iliujua yenyewe.

Turing, pamoja na Mmarekani Claude Shannon aliyechapisha makala yake maarufu mwaka 1950, walikuwa na swali kubwa kuliko la kushinda. Walitaka kujua kufikiri ni nini. Sataranji iliwafaa kwa kuwa sheria zake ni chache na wazi, ilhali michezo inayoweza kuchezwa haihesabiki: Shannon aliikadiria kwa 1 yenye sifuri 120 nyuma yake. Njia aliyoieleza imebaki uti wa mgongo wa programu nyingi hadi leo. Mashine hujiuliza, nikienda hapa atajibu nini, na akijibu hivyo mimi nitafanya nini. Huchukulia kwamba mpinzani atachagua jibu la kuumiza kuliko yote, kisha huchagua njia ambayo hata ikijibiwa vibaya hivyo, hasara yake ni ndogo kuliko ya njia nyingine. Ukiangalia vizuri, hilo ndilo somo ambalo mwalimu mzuri wa sataranji humpa mwanafunzi wiki ya kwanza: kabla hujagusa kete, tafuta jibu baya utakalopewa.

Historia inayosimuliwa mara nyingi hukimbilia New York. Tarehe 11 Mei 1997, Deep Blue ya IBM, iliyopima takriban misimamo milioni 200 kwa sekunde, ilimshinda bingwa wa dunia Garry Kasparov kwa pointi 3.5 dhidi ya 2.5, mwaka mmoja baada ya yeye kuishinda mjini Philadelphia. Lilikuwa tukio kubwa, silipunguzi. Ila naamini lililobadilisha maisha ya wachezaji wa kawaida lilikwisha kuanza miaka 20 kabla, majumbani.

Mwaka 1977 kampuni ya Fidelity ilianza kuuza Chess Challenger, kifaa cha mezani kwa mtu asiye na mwenzake wa kucheza naye. Halafu Mwingereza David Horne akafanya jambo ambalo hadi leo linanistaajabisha. Kompyuta ndogo ya ZX81 ilikuja na kumbukumbu ya kilobaiti moja tu, na yeye akatunga programu ya sataranji ya baiti 672. Aya hii unayoisoma ina herufi nyingi kuliko hizo. Ndani ya nafasi hiyo aliweka mwendo wa kete, ubao na mpinzani anayejibu. Ilibidi aache vitu: mfalme hakuweza kujihami kwa ngome, na askari aliyefika mwisho wa ubao hakupandishwa cheo. Hata hivyo, mtoto mwenye kifaa hicho aliweza kushindwa mara nyingi apendavyo bila kumchosha mtu, na kushindwa sana ndiyo njia ya kila mchezaji.

Upande wa mabingwa, Wasovieti walikuwa na silaha nyingine: makocha, shule, na makasha ya kadi zilizoandikwa michezo kwa mkono. Aliye mbali na Moscow hakuwa na hazina hiyo. Katikati ya miaka ya 1980, Hamburg, Matthias Wüllenweber na Frederic Friedel walianza kuihamishia kwenye kompyuta, ikazaliwa ChessBase. Kasparov aliona faida yake mapema. Mwaka 1985 alikuwa amefungwa na timu ya Hamburg alipocheza na wachezaji wanane kwa mpigo. Mwaka 1987 alirudi akiwa amepitia michezo yao kwenye skrini, akashinda 7 kwa 1.

Tatizo la mwanafunzi lilianzia hapo hapo. Injini, yaani programu inayopima misimamo, husema msimamo huu ni +1.7, basi. Namba haina sababu. Ndiyo maana programu ya Chessmaster ilipoweka masomo ya mchezaji Josh Waitzkin, akizungumza hatua kwa hatua, wengi walifaidika nayo kuliko na nguvu ya injini yenyewe. Kinyume chake ni hifadhi za miisho ya michezo. Zinajua kila kitu ubaoni kukiwa na kete 7 au pungufu, na zimefichua msimamo ambao mshindi anahitaji hatua 549 kumfunga mfalme. Hakuna bingwa awezaye kukueleza kwa nini nyingi ya hatua hizo ni sahihi.

Programu ya AlphaZero ya mwaka 2017 ililegeza fundo hilo kidogo. Ilipewa sheria tu, ikacheza yenyewe kwa yenyewe, na ndani ya saa 4 ikaipita injini ya Stockfish. Michezo yake ilisomeka: ilitoa kete kwa ajili ya nafasi, ikasukuma askari wa pembeni hadi wakambana mfalme wa mpinzani, na wakubwa wa mchezo wakaiga. Mwaka 2020 Stockfish nayo ilipokea mtandao wa neva, wazo la Yu Nasu lililobuniwa kwa ajili ya shogi ya Kijapani.

Mchezaji Phiona Mutesi wa Katwe, Kampala, alijifunza katika zama hizi za injini, lakini aliyemwonyesha kete zinavyotembea, katika mradi wa Robert Katende, alikuwa msichana mdogo kuliko yeye. Mwaka 2010 aliiwakilisha Uganda kwenye Olimpiadi ya sataranji Khanty-Mansiysk, Urusi. Leo mradi kama ule unaweza kuongeza simu moja yenye Lichess, programu ya sataranji isiyolipiwa hata senti. Ningependa watoto wacheze kwanza, waandike hatua zao, wabishane ni wapi mambo yaliharibika, kila mmoja ataje sababu yake kwa sauti, ndipo injini ifunguliwe.