Kutoka Nafasi ya 451 Hadi ya 33: Wahakiki na Albamu ya Back to Black

Orodha ya albamu 500 bora za nyakati zote, ambayo jarida la Rolling Stone la Marekani huirekebisha baada ya miaka kadhaa, iliiweka Back to Black, albamu ya pili ya mwimbaji Mwingereza Amy Winehouse, katika nafasi ya 451 mwaka 2012, na orodha hiyohiyo ilipopangwa upya mwaka 2020 albamu hiyo ikapanda hadi nafasi ya 33. Sehemu ya mruko huo ilitokana na wapiga kura, kwa kuwa toleo la 2012 lilikuwa marekebisho ya orodha ya 2003, ilhali lile la 2020 lilianza upya kwa kura za wanamuziki, wahakiki na watu wa biashara ya muziki zaidi ya 300. Wapiga kura wapya, hata hivyo, hawatoshi kuueleza mruko wa namna hiyo, kwani katika kipindi hicho swali ambalo wahakiki waliielekezea albamu lilikuwa limegeuka: mwanzoni waliuliza inafanana na nini, baadaye wakauliza inasema nini, na wengine wakauliza ni nani aliyestahili kusifiwa kwa ajili yake.

Muziki wa soul ulikua miongoni mwa Wamarekani weusi katika miaka ya 1950 na 1960, pale uimbaji uliolelewa makanisani ulipotiwa midundo ya kumbi za dansi na maneno ya mapenzi. Makao yake makuu yalikuwa Detroit, ambako Berry Gordy alianzisha kampuni ya Motown mwaka 1959, na Memphis, ambako kampuni ya Stax ilirekodi sauti kavu zaidi, yenye tarumbeta mbele na mapambo machache. Soul ya kurejea zamani ni muziki wa leo unaotungwa upya lakini ukavishwa kwa makusudi sauti ya miaka hiyo, hata katika namna ya kupanga maikrofoni, nao haufai kuchanganywa na soul mpya ya miaka ya 1990, ile ya akina Erykah Badu na D'Angelo, iliyowaenzi wazee huku ikiishi waziwazi katika zama za hip hop. Tofauti ya soul ya kurejea zamani na zilipendwa za redioni ni kwamba msikilizaji hupewa wimbo mpya kabisa ambao masikio yake yako tayari kuapa kwamba uliwahi kupigwa utotoni mwake.

Uingereza ilikuwa na mazoea ya muda mrefu ya kuitunza soul ambayo Marekani yenyewe ilikuwa imeanza kuisahau. Kaskazini mwa nchi hiyo, katika kumbi kama Wigan Casino iliyoanza mikesha yake ya soul mwaka 1973, vijana wa miji ya viwanda walicheza hadi alfajiri kwa santuri za Kimarekani ambazo nyingi hazikupata wanunuzi huko zilikotoka. Kabla ya hapo Dusty Springfield, mwimbaji mweupe wa London, alikuwa ametoa Dusty in Memphis mwaka 1969, albamu iliyodorora sokoni na ambayo leo huhesabiwa miongoni mwa kazi kubwa za aina yake, kiasi kwamba mhakiki aliyeikumbuka historia hiyo angesita kidogo kabla ya kutoa hukumu ya haraka juu ya Back to Black mwaka 2006.

Winehouse, aliyezaliwa London mwaka 1983, alianza na albamu ya Frank mwaka 2003, iliyoegemea zaidi muziki wa jazz. Kwa albamu ya pili aliyageukia makundi ya wasichana ya miaka ya 1960, hasa Shangri-Las wa New York, ambao nyimbo zao fupi zilijaa machozi, vifo na wanaume wasiofaa. Kazi ya utayarishaji, yaani kusimamia upangaji wa ala na kurekodi, iligawanywa baina ya watu wawili waliokulia katika hip hop: Salaam Remi, aliyekuwa amefanya kazi na Fugees na Nas, na Mark Ronson, aliyejipatia jina kwa kupiga santuri katika kumbi za starehe za New York. Ronson ndiye aliyezipeleka nyimbo alizozisimamia yeye katika studio ya Daptone, nyumba ya kawaida katika mtaa wa Bushwick, Brooklyn, iliyogeuzwa kuwa mahali pa kurekodia na Gabriel Roth na wenzake wa bendi ya Dap-Kings.

Siri ya sauti iliyotoka humo ilikuwa katika ufundi. Wapigaji waliketi karibu karibu na kupiga kwa pamoja, hivyo mlio wa ngoma ukapenya katika maikrofoni ya piano na ule wa gitaa ukapenya kwingineko, jambo ambalo studio nyingi za wakati huo zililiepuka kwa kumtenga kila mpigaji na kumrekodi peke yake. Kisha yote yakaingizwa katika kanda ya sumaku, ambayo sauti inapozidi nguvu huilainisha kingo na kuitia uzito badala ya kuikata kwa ukali kama ifanyavyo kompyuta. Anayeyasikia matokeo hayo huona kama anasikiliza chumba kizima kwa mara moja. Winehouse mwenyewe hakuwepo Dap-Kings walipopiga, kwa maana sauti yake ilirekodiwa kwingine, na hiyo inamaanisha kwamba ule ukaribu ambao wahakiki wengi waliusifu ulijengwa na watu ambao hawakuwa wamekutana.

Albamu ilitolewa Uingereza mwezi Oktoba 2006, ikafika kileleni mwa chati za nchi hiyo Januari 2007, na ilipoingia Marekani mwezi Machi ilianzia nafasi ya saba. Gazeti la The Guardian lilithubutu mapema kuihesabu miongoni mwa kazi za soul zitakazodumu katika karne ya 21, lakini Rolling Stone, jarida lilelile la orodha, liliipokea kwa sifa za vuguvugu, likiona kwamba si nyimbo zake zote zinasimama imara. Wahakiki wengi wa mwaka huo, wawe wa sifa au wa mashaka, walitumia kipimo kimoja: walitaja Motown, wakataja mtayarishaji Phil Spector na nywele zilizofungwa juu kwa mtindo wa kundi la wasichana la Ronettes, kisha wakapima ni kwa kiasi gani nakala inafanana na asili. Tuzo ya Mercury ya 2007, inayotolewa kwa albamu bora ya Uingereza na Ireland, ilikwenda kwa kundi la Klaxons, si kwa Winehouse. Februari 2008 Winehouse alishinda tuzo tano za Grammy, akitumbuiza kwa njia ya satelaiti kutoka London kwa sababu viza yake ya Marekani ilichelewa, na hapo mwimbaji Natalie Cole akalalamika hadharani kwamba haikufaa kumtuza mtu ambaye bado anasumbuliwa na dawa za kulevya, malalamiko ambayo kwa kiasi kikubwa yaliyahamisha mazungumzo kutoka kwenye muziki.

Kipimo cha kufanana kiliwaficha wahakiki jambo lililo wazi kwa yeyote anayeyasikiliza maneno. Wasichana wa miaka ya 1960 waliimba tungo zilizoandikwa zaidi na watu wengine, katika lugha iliyochujwa kwa ajili ya redio. Winehouse aliandika maneno yake mwenyewe kwa lugha ya London ya siku zake, yenye matusi, kejeli na majina ya pombe, na mwanamke anayeongea humo hujishitaki yeye mwenyewe kabla ya kumshitaki mwanamume. Mgongano wa maneno hayo na mapambo ya zamani ndio ubunifu wa albamu. Wimbo wa Tears Dry on Their Own umejengwa juu ya mfuatano wa sauti za Ain't No Mountain High Enough, ambao Marvin Gaye na Tammi Terrell waliuimba mwaka 1967 kama kiapo cha mapenzi yasiyoshindwa na lolote, naye Winehouse akautumia msingi uleule wa furaha kueleza mapenzi yaliyokwisha. Kuuita uamuzi huo uigaji ni uvivu wa kusikiliza.

Hoja nzito zaidi iliinuliwa mwaka 2008 na mwanazuoni Daphne Brooks katika jarida la The Nation, alipohoji jinsi mwimbaji mweupe anavyoweza kusherehekewa kwa sauti na mitindo ya wanawake weusi huku wanawake hao wakibaki pembeni mwa sherehe. Hoja hiyo haikuhitaji mfano wa mbali, kwa kuwa Dap-Kings walikuwa bendi ya Sharon Jones, mzaliwa wa mwaka 1956 aliyewahi kufanya kazi ya askari magereza katika kisiwa cha Rikers na ya ulinzi wa magari ya fedha, na ambaye, kwa maelezo aliyoyarudia katika mahojiano mengi, aliwahi kuambiwa na mtu wa biashara ya muziki kwamba ni mweusi mno, mnene mno, mfupi mno na mzee mno. Albamu yake ya kwanza na bendi hiyo ilitoka mwaka 2002, miaka minne kabla ya Back to Black. Bendi ilikuwa ileile, lakini wahakiki walimsifu Jones kwa jasho lake jukwaani na uaminifu wake kwa mila, wakamsifu Winehouse kwa kipaji, na kati ya sifa hizo mbili ya pili ndiyo inayouza. Jones aliteuliwa kuwania Grammy kwa mara ya kwanza mwishoni mwa 2014, kwa albamu ya Give the People What They Want, naye akafariki Novemba 2016.

Winehouse alifariki Julai 2011, akiwa na miaka 27, na kwa muda nyimbo zake zikageuzwa wasia, kila ubeti ukichunguzwa kama dalili ya kifo, usomaji ambao haukumtendea haki mtunzi aliyekuwa na mzaha mwingi. Mwaka huohuo mhakiki Simon Reynolds alichapisha kitabu cha Retromania, akidai kwamba muziki wa karne mpya umelewa zamani zake. Hata hivyo, Maktaba ya Bunge la Marekani iliiingiza Back to Black katika rejista yake ya rekodi za kuhifadhiwa mwaka 2025.

Mwingine aliyefuata njia hiyo ya soul ya kurejea zamani alikuwa mwimbaji Michael Kiwanuka, mzaliwa wa London wa wazazi waliotoka Uganda wakiukimbia utawala wa Idi Amin. Home Again, albamu yake ya mwaka 2012, ilipokewa kwa kipimo kilekile cha kufanana, safari hii mwimbaji mkongwe wa soul Bill Withers akiwa ndiye asili na Kiwanuka nakala, na wapo waliomwona mpole kupita kiasi. Kuanzia Love & Hate ya mwaka 2016, yenye nyimbo ndefu na maneno ya wazi kuhusu kuwa mtu mweusi katika nchi ya weupe, mlinganisho huo ulianza kupungua. Albamu ya tatu, ya mwaka 2019, aliipa jina la ukoo ambalo mwanzoni mwa kazi yake alishauriwa alifiche, nayo Septemba 2020 ikashinda tuzo ya Mercury.