Nyama Vuguvugu na Maabara ya Colindale

Serikali ya Uingereza ilipokuwa ikijiandaa kwa vita mwishoni mwa miaka ya 1930, ilihofia maradhi kama ilivyohofia mabomu, kwa kuwa watoto na akina mama wengi wangehamishwa kutoka mijini, mabomba ya maji safi na ya majitaka yangepasuka pamoja, na haikuonekana jambo la mbali kwamba adui angeweza kueneza vijidudu kwa makusudi. Hofu hiyo ndiyo iliyozaa shirika la dharura la maabara za afya ya jamii, lililowekwa chini ya Baraza la Utafiti wa Tiba, ambalo maabara yake kuu ilikuja kukaa Colindale, kaskazini-magharibi mwa London. Magonjwa ya mlipuko yaliyotarajiwa hayakutokea, lakini madaktari wa wilaya walikuwa wamekwisha kuonja faida ya kuwa na mahali pa kupeleka sampuli bila malipo, na sheria ya huduma ya taifa ya afya ya mwaka 1946 ikalifanya shirika hilo kuwa la kudumu. Ndani yake ndimo ilimokulia maabara ya usafi wa chakula ambayo, kwa takriban miaka 30, iliongozwa na mwanamke mmoja, Betty Hobbs.

Kabla ya hapo elimu ya sumu ya chakula ilikuwa imekwenda kwa kuchechemea. Mwaka 1888 daktari wa Kijerumani August Gärtner alipata bakteria wa aina moja katika nyama ya ng'ombe mgonjwa iliyoliwa Frankenhausen na katika mwili wa mtu aliyekufa baada ya kuila. Bakteria hao leo wamo katika kundi la salmonela. Hata hivyo, kwa miongo kadhaa madaktari wengi waliendelea kuamini kwamba kinachowadhuru walaji ni kemikali zinazotokana na kuoza kwa nyama, imani iliyowafanya watu waogope chakula kinachonuka na kukiamini kisichonuka, ilhali chakula chenye vijidudu vya hatari mara nyingi hakina harufu wala ladha yoyote ngeni. Uingereza ilipata somo chungu Agosti 1922, pale wageni na wasindikizaji 8 waliokuwa Loch Maree, Uskoti, walipokufa baada ya kula mikate iliyopakwa nyama ya bata iliyosagwa iliyokuwa na sumu ya botulini, ambayo hupooza mishipa ya fahamu mpaka pumzi ikakatika. Ilipofika mwaka 1938, sheria ya chakula na dawa ikawalazimu madaktari kuripoti kila mgonjwa wanayemshuku kuwa amedhuriwa na chakula, ingawa ripoti bila maabara ya kuthibitisha ilikuwa na thamani ndogo.

Aliyeunganisha ripoti na maabara alikuwa Graham Wilson, mkurugenzi wa shirika tangu 1941 hadi 1963. Wilson aliamini kwamba maabara moja kubwa katika mji mkuu haiwezi kulinda nchi, na kwamba kinachohitajika ni mtandao wa maabara ndogo zilizotawanyika mikoani, zinazotumia mbinu zilezile, ili tukio dogo katika mji mmoja liweze kulinganishwa na tukio dogo katika mji mwingine. Faida ya mpango huo ilionekana wakati wa vita, mayai ya unga kutoka Amerika Kaskazini yalipoanza kugawiwa kwa wananchi, kwani maabara za mikoani zilianza kukuta aina za salmonela ambazo hazikuwa za kawaida nchini humo, na kwa kuzilinganisha zikafuatilia chanzo chake hadi katika unga huo. Mtafiti mmoja peke yake angeona visa vichache visivyohusiana.

Hobbs alikabidhiwa maabara ya chakula katika kipindi ambacho taifa zima lilikuwa likila kwa pamoja kuliko wakati wowote uliotangulia. Chakula cha mchana shuleni kilikuwa kimepanuliwa na sheria ya elimu ya 1944, viwanda vilikuwa na migahawa yake, na hospitali zilipika kwa masufuria makubwa; mapande ya nyama yalichemshwa jioni, yakaachwa katika mchuzi wake hadi asubuhi, kisha yakapashwa moto kidogo kabla ya kugawiwa. Walaji waliumwa tumbo na kuharisha baada ya saa 8 hadi 24, wengi wakapona ndani ya siku moja, na kwa sababu hakukuwa na vifo vingi, wala salmonela haikuonekana katika sampuli, matukio hayo yaliandikwa kuwa hayana chanzo kinachojulikana.

Mwaka 1953 Hobbs na wenzake walichapisha utafiti ulioonyesha kwamba chanzo kilikuwa bakteria aitwaye wakati huo Clostridium welchii, ambaye leo huitwa Clostridium perfringens. Bakteria huyu hustawi mahali pasipo na hewa ya oksijeni na, anapobanwa na mazingira magumu, hujifungia katika spora, yaani umbo gumu lililolala ambalo linaweza kustahimili hata maji yanayochemka. Hapo ndipo ilipofumbuliwa siri ya sufuria la shule: moto wa jioni uliua karibu bakteria wengine wote, ukafukuza oksijeni kutoka katika mchuzi, ukaziamsha spora, na nyama ilipobaki vuguvugu usiku kucha, bakteria waliozaliwa humo waliongezeka maradufu kila baada ya dakika chache, bila mshindani. Mpishi aliyedhani kuchemsha kumemaliza kazi alikuwa, bila kujua, ameandaa makao bora zaidi ya kijidudu hicho. Ugunduzi huu unastahili kuhesabiwa miongoni mwa mambo makubwa ya afya ya karne iliyopita, kwa kuwa ulihamisha macho ya wakaguzi kutoka kwenye moto na kuyaelekeza kwenye upoaji, na ukazaa kanuni ambayo bado inafundishwa: nyama ipikwe katika vipande vidogo, iliwe ingali moto, au ipozwe haraka na kuhifadhiwa kwenye baridi.

Sehemu kubwa ya uongozi wa Hobbs ilifanyika nje ya kuta za maabara. Aliwafundisha wakaguzi wa afya, wapishi na wauzaji wa vyakula, na mwaka huohuo wa 1953 kilitoka kitabu chake kuhusu sumu ya chakula na usafi wa chakula, kilichoendelea kuchapishwa upya kwa miongo mingi. Kwa kiongozi wa maabara ya serikali, kisahani cha agari (jeli itokanayo na mwani, inayowekwa virutubisho ili bakteria waote na kuhesabika) ni nusu tu ya kazi. Nusu ya pili ni kuhakikisha matokeo yanamfikia mwenye uwezo wa kubadilisha kitu, awe mpishi au waziri.

Mwaka 1964 nusu hiyo ya pili ilishindikana. Mwezi Mei homa ya matumbo ililipuka mjini Aberdeen, na zaidi ya watu 400 wakaugua. Chanzo kilielekea kuwa kopo moja la nyama ya ng'ombe kutoka Argentina, lililofunguliwa na kukatwa vipande katika duka kubwa, ambapo mashine ya kukatia ilivihamishia vijidudu vyake kwenye nyama nyingine. Kiwanda kilichotengeneza nyama hiyo kilipoza makopo kwa maji ya mto yasiyotiwa klorini, na kopo linapopoa, hewa iliyomo husinyaa na kuvuta tone la maji kupitia upenyo mdogo kabisa kwenye mshono. Kwa kuwa bakteria wa homa ya matumbo hawatoi gesi, kopo halivimbi wala nyama haibadiliki rangi. Wataalamu wa Colindale walitumia bakteriofaji, yaani virusi vinavyoshambulia bakteria wa aina maalumu tu, na kwa kuangalia ni virusi vipi vinavyowaua bakteria wa Aberdeen walitambua aina iliyojulikana zaidi Amerika Kusini.

Jambo linaloumiza katika historia hiyo ni kwamba matukio madogo ya homa hiyohiyo yalikuwa yamekwisha kutokea mwaka 1963 Harlow, South Shields na Bedford, na nyama ya kopo ilikuwa imeshukiwa, lakini shehena zilizokwishaingia nchini hazikuondolewa madukani. Ushahidi ulionekana kuwa pungufu, na biashara na Argentina haikuwa jambo dogo. Kamati ya Milne, iliyochunguza mlipuko wa Aberdeen na kutoa taarifa yake mwisho wa mwaka 1964, iliwalaumu waliohusika kwa kutoziondoa. Maabara ilikuwa imeona mapema, ila kuona kwake hakukuwa na mamlaka ya kufunga ghala hata moja.

Miaka michache baadaye maabara za shirika hilo zilifumbua jambo ambalo msomaji wa Afrika Mashariki, aliyezoea kiporo cha wali, atalielewa haraka. Tangu mwaka 1971 walaji wa wali wa kukaanga katika mikahawa ya Kichina nchini Uingereza walianza kutapika saa chache tu baada ya kula. Wali ulikuwa ukichemshwa kwa wingi, ukaachwa bila jokofu ili chembe zisigandamane, kisha ukakaangwa upesi kwa mayai, na katika saa hizo za kusubiri bakteria aitwaye Bacillus cereus, ambaye spora zake huja na mchele wenyewe kutoka shambani, alitengeneza sumu isiyovunjwa na moto wa kikaango. Kupasha kiporo kwa hiyo hakuwezi kurekebisha kosa la kukiacha nje.

Hobbs alistaafu katika miaka ya 1970, na mtandao wa Wilson ukaendelea kuishi kwa misukosuko. Mwaka 1988 takwimu za mtandao huo za salmonela katika mayai zilizua ugomvi wa kisiasa uliomfanya naibu waziri Edwina Currie ajiuzulu kabla mwezi wa Desemba haujaisha, na wafugaji walipoanza kuwachanja kuku kwa wingi miaka ya 1990, wagonjwa walipungua sana. Mwaka 2000 iliundwa mamlaka ya viwango vya chakula, iliyotenganishwa na wizara ya kilimo ili anayewatetea wakulima asiwe yuleyule anayewalinda walaji. Mwaka 2003 shirika la maabara lenyewe lilivunjwa na kuingizwa katika chombo kipya cha afya, na maabara nyingi za mikoani zikakabidhiwa kwa hospitali. Colindale ilibaki, na tangu katikati ya miaka ya 2010 kila salmonela inayofika huko husomwa jenomu yake yote, yaani mfuatano mzima wa maelezo ya urithi, kwa hiyo wagonjwa watatu walio katika miji mitatu wanaweza kuunganishwa na shamba moja la kuku katika nchi nyingine, ingawa amri ya kuondoa mayai ya shamba hilo sokoni bado hutolewa na ofisi nyingine.