Monet na Étretat

Ukaaji wa Monet huko Étretat ni vipindi kadhaa ambavyo mchoraji Mfaransa Claude Monet (1840–1926), mwasisi mmojawapo wa uimpreshonisti, yaani mtindo wa kuchora mwanga na rangi kama jicho linavyoviona kwa wakati ule, aliishi na kufanya kazi katika kijiji hicho, wakati huo cha wavuvi, kilichoko pwani ya Normandie, Ufaransa. Alikaa huko majira ya baridi ya 1868–1869, kisha akarudi mara kadhaa kati ya 1883 na 1886. Kilichomvuta hasa ni majabali meupe ya chaki yaliyotobolewa na bahari kuwa matao matatu, kubwa zaidi likiwa Manneporte. Alichora turubai kadhaa kwa zamu, akiacha moja na kushika nyingine kila jua au mawingu yalipogeuka, jambo ambalo mwandishi Guy de Maupassant alilishuhudia mwaka 1885. Novemba mwaka huo, akiwa ameikosea saa ya maji kujaa, wimbi lilimbamiza jabalini na kumburuta pamoja na vifaa vyake. Picha nyingi alizikamilishia karakanani, na zamu hizo za turubai ndizo zilizotangulia mfululizo wake wa marundo ya nafaka wa 1890–1891.