Dizeli ya alizeti: Mtambo wa kienyeji wa biodizeli unavyofanya kazi, na hesabu inayowasubiri wakulima wa Hanang

Kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, EWURA hutangaza bei kikomo za petroli, dizeli na mafuta ya taa. Mjini, mazungumzo huishia kwenye nauli. Kwa mkulima wa Gitting, kata iliyo chini ya Mlima Hanang mkoani Manyara, tangazo hilo linagusa karibu kila kitu: trekta la kukodi, pawatila, mashine ya kusaga inayoendeshwa kwa injini, na fuso linalobeba mahindi na maharage kwenda sokoni.

Na wakati dizeli inapanda, alizeti imechanua shambani. Swali linakuja lenyewe: mafuta ya injini yasitoke hapohapo?

Jibu fupi ni kwamba inawezekana. Jibu refu lina kemikali inayopofusha macho na hesabu ambayo wengi huifanya wakiwa wameshanunua mapipa.

Wazo la zamani

Kwenye maonyesho ya dunia ya Paris mwaka 1900, injini ya aina aliyoibuni Rudolf Diesel iliendeshwa kwa mafuta ya karanga. Mafuta ya petroli yakawa rahisi, mimea ikasahaulika.

Tanzania ilirudi kwenye wazo hilo miaka ya 2000. Arusha, kampuni za Kakute na Diligent zilihamasisha wakulima wapande mbono kaburi, mmea ambao wengi waliujua kama uzio tu. Engaruka, wilayani Monduli, shirika la TaTEDO lilifunga injini iliyotumia mafuta ya mbono kusaga nafaka na kuzalisha umeme. Pwani mambo yalikuwa makubwa zaidi: Sun Biofuels ilipata zaidi ya hekta 8,000 Kisarawe, kisha mradi ukaanguka mwaka 2011, wanavijiji wakabaki bila ardhi na bila ajira walizoahidiwa.

Kwa wafugaji wa Hanang, mbono una tatizo jingine: mashudu yake ni sumu, ng'ombe hawezi kuyala. Mashudu ya alizeti ni chakula kizuri cha mifugo. Tofauti hiyo itarudi kwenye hesabu huko chini.

Kwa nini usimimine tu mafuta kwenye tangi?

Mafuta ya kula ni mazito mara kadhaa kuliko dizeli. Injini za zamani zinazozunguka polepole, kama zile za Lister, huyavumilia kiasi. Injini ya kisasa hainyunyizi vizuri mafuta mazito, masizi yanaganda kwenye nozeli na pistoni, na fundi anaitwa.

Biodizeli ni mafuta hayohayo yaliyobadilishwa kikemia. Yanachanganywa na methanoli na kostiki soda, ileile ya watengeneza sabuni. Mchanganyiko unajigawa: juu biodizeli nyepesi, chini glisarini nzito ya rangi ya kahawia.

Gongo haifai kuchukua nafasi ya methanoli, ingawa wazo hilo huwajia wengi. Ina maji mengi, na maji yakiingia hapa unapata sabuni badala ya mafuta.

Mtambo wenyewe

Marekani, mafundi wa nyumbani walieneza mtambo unaoitwa Appleseed, unaotumia tangi la zamani la kuchemshia maji ya kuoga kwa umeme. Ni wazo la akili: tangi limefungwa, lina hita ndani, na pampu inazungusha mafuta kutoka chini kurudi juu. Matangi hayo si rahisi kuyapata Katesh, lakini kanuni ni ileile kwa chombo chochote cha chuma kilichofungwa vizuri, chenye bomba la kutolea chini, kipimajoto, pampu na bomba dogo la kupumulia linalotoa mvuke nje ya banda.

Pipa lililo wazi, na mtu anakoroga kwa mti, ndilo linaloonekana kwenye video nyingi. Ndilo pia linalounguza watu.

Vyombo vya aluminiamu havifai kabisa. Kostiki soda inaila aluminiamu na kutoa gesi ya haidrojeni inayolipuka kwa cheche ndogo. Kwa hiyo sufuria za kawaida za jikoni zinabaki jikoni. Mabati yenye zinki, shaba na mpira wa asili navyo havidumu. Chuma cha kawaida, chuma kisichoshika kutu na plastiki ngumu ya madumu ya kemikali ndivyo vinavyotumika.

Upikaji

Chukua mfano wa lita 40 za mafuta safi ya alizeti. Kwanza yanapashwa hadi maji yote yaishe, kisha yanaachwa yapoe. Methanoli inayohitajika ni takriban lita 8, yaani asilimia 20. Kostiki soda ni gramu 3.5 hadi 5 kwa kila lita ya mafuta, hivyo gramu 140 hadi 200. Mizani ya duka la nafaka haitoshi hapa, inatakiwa ya kupima gramu.

Soda inayeyushwa ndani ya methanoli kwenye dumu lenye kifuniko, nje, penye hewa. Dumu linapata joto lenyewe. Halafu mchanganyiko unaingizwa taratibu kwenye mafuta ya moto, pampu inazunguka saa moja hadi mbili.

Miongozo mingi ya mtandaoni inasema joto liwe nyuzi 55, kwa sababu methanoli huchemka kwenye nyuzi 64.7. Hiyo ni kwa usawa wa bahari. Kwenye mwinuko wa mita 1,800, methanoli huchemka karibu nyuzi 59. Nafasi ya usalama inapungua kwa nusu, na kipimajoto kibovu kinaimaliza iliyobaki. Nyanda za Hanang zinahitaji nyuzi 50 hivi na muda mrefu zaidi wa kuzungusha.

Baada ya hapo mtambo unazimwa, mafuta yanatulia usiku kucha, na asubuhi glisarini inatolewa chini. Biodizeli inaoshwa kwa maji ya uvuguvugu, taratibu, mara mbili au tatu mpaka maji yatoke safi. Kisha inakaushwa hadi ing'ae kiasi cha kusoma maandishi kupitia chupa.

Kipimo rahisi cha ubora: mililita 3 za biodizeli ndani ya mililita 27 za methanoli, kwenye joto la kawaida la chumba. Ikiyeyuka yote, imeiva. Ikibaki tone chini, bado kuna mafuta ghafi, na injini italipa.

Mafuta yaliyokaangia chipsi yanaongeza hatua moja. Yana asidi, kwa hiyo yanataka soda zaidi, na kiasi chake kinajulikana kwa kupima kila mzigo. Mafundi wa nyumbani huweza kutumia manjano ya jikoni kama kipimo, kwa sababu hubadilika kutoka njano kuwa nyekundu asidi inapoisha.

Hatari yenyewe

Methanoli haina utani. Moto wake karibu hauonekani mchana: mtu anaweza kuungua kabla hajajua kuna moto. Mvuke wake huwaka hata kwenye baridi ya nyuzi 12, joto ambalo asubuhi za Hanang hulifikia. Kwa hiyo kuni, sigara, na hata swichi inayotoa cheche havikai karibu na mtambo. Wanaopasha kwa kuni hupasha mafuta peke yake, wanazima moto kabisa, wanahamisha mafuta, ndipo methanoli inatoka stoo.

Ikinywewa, hata kidogo, inaharibu mishipa ya macho na kuua. Nairobi, Novemba 2000, zaidi ya watu 100 walifariki kwa pombe ya kienyeji iliyochanganywa na methanoli, na wengine wakapofuka. Mwaka 2014 Kenya ikazika tena makumi ya watu kwa sababu hiyohiyo. Dumu la methanoli kwenye nyumba yenye watoto, au kijijini ambako pombe inauzwa kwa kipimo, lazima liwe na alama na kufuli. Hili watu hulichukulia poa mno.

Glavu, miwani na ndoo ya maji karibu ni lazima pia, maana soda ikiruka jichoni haisubiri daktari. Maji ya kuoshea yana sabuni na methanoli, na hayapaswi kuelekezwa kwenye mfereji wanakonywa ng'ombe.

Sasa hesabu

Mashine ndogo ya kukamua inahitaji kilo tatu hadi nne za alizeti kwa lita moja ya mafuta. Lita 40 ni karibu magunia mawili na nusu. Mafuta hayo sokoni, kwa kawaida, ni ghali kuliko dizeli lita kwa lita, na Tanzania bado inaagiza nje sehemu kubwa ya mafuta ya kula. Ongeza methanoli, soda, kuni na siku mbili za kazi.

Yaani mkulima anayegeuza alizeti nzuri kuwa dizeli anachoma bidhaa ya bei ya juu ili apate ya bei ya chini. Mashudu yanabaki na yana thamani, lakini yangebaki hata kama mafuta yangeuzwa kwa kula.

Hesabu inageuka pale mafuta yanapokuwa hayafai kuliwa: yaliyochacha, mashapo ya kwenye mashine za kukamua, au yaliyokaangwa hadi yakawa meusi. Vibanda vya chipsi vya Katesh na Babati peke yake vina mafuta machache. Hoteli za Arusha zina mengi zaidi, lakini usafiri nao unakula dizeli. Kikundi chenye mashine ya kukamua kina nafasi nzuri kuliko mtu mmoja, kwa sababu mashapo tayari yapo mlangoni.

Anayefikiria mawese ya bei nafuu ajue kuwa biodizeli yake huanza kuganda kwenye nyuzi 13 hadi 16. Kwa asubuhi za Juni na Julai chini ya mlima, pawatila litagoma. Ya alizeti huvumilia baridi hadi karibu nyuzi sifuri.

Wanaoanza huchanganya asilimia 20 ya biodizeli na 80 ya dizeli ya kawaida, na hubeba filta ya akiba, kwa sababu biodizeli husafisha uchafu wa miaka ndani ya tangi na kuupeleka wote kwenye filta.

Kibali

Kemikali hizi zinasimamiwa na Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali chini ya Sheria ya Usimamizi na Udhibiti wa Kemikali za Viwandani na Majumbani ya mwaka 2003. Serikali pia ilitoa mwongozo wa nishati ya mimea mwaka 2010. Anayetaka kununua methanoli kwa madumu aanzie ofisi ya Mkemia Mkuu ya kanda, na anayefikiria kuuza mafuta kwa jirani aongee kwanza na EWURA. Jaribio la lita moja kwenye chupa, nje ya nyumba, litamwonyesha mapema kama mafuta aliyonayo yanakubali.