Talaka, Cherehani na Daftari

Nilipokuwa nikifundisha historia katika chuo cha ualimu, niliwaambia wanachuo kwamba kitambaa ni hati kama zilivyo hati nyingine. Atakayeisoma vizuri ataona biashara na utawala, na ataona pia kazi ya watu ambao majina yao hayakuandikwa popote. Mwaka 1833 Marekani ilifanya mkataba wa biashara na Sayyid Said wa Zanzibar, na baada ya hapo ile nguo ya pamba tuliyoiita merikani ikaenea pwani na bara. Wanawake waliichovya katika nili ikawa kaniki. Kuelekea mwisho wa karne ile wakawa wananunua leso za mraba na kuziunganisha kwa sindano, na mtindo huo ndio uliozaa kanga. Wafanyabiashara wakubwa wa enzi hizo tunawajua. Waliochovya na kushona hatuwajui, kwa kuwa kazi yao ilihesabiwa kuwa ni mambo ya nyumbani tu.

Mambo ya nyumbani tu! Maneno hayo yaliuma zaidi siku ndoa ilipovunjika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, katika kifungu cha 114, iliipa mahakama uwezo wa kugawa mali ambayo mume na mke waliichuma kwa juhudi zao za pamoja. Lakini je, kupika, kuchota maji na kulea watoto ni juhudi? Majaji wa Mahakama Kuu walitofautiana juu ya swali hilo, mpaka mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilipoamua shauri la Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu. Ilitamka kwamba kazi za nyumbani ni mchango. Bi Hawa mwenyewe hakupata fungu la nyumba, kwani ilionekana kuwa fedha alizopewa na mumewe kwa ajili ya mradi wa familia alizitapanya. Mlango aliubisha yeye, wakapita wengine.

Mmoja wa waliopita ni mdogo wangu wa kike. Aliolewa mwaka 1975, akaachwa mwaka 1991, akarudi Tanga kwa mama yetu na watoto watatu, masanduku mawili na cherehani ya mkono. Mume alidai mbele ya baraza la usuluhishi, na tena mahakamani, kwamba nyumba aliijenga kwa mshahara wake peke yake. Mdogo wangu hakuwa na stakabadhi hata moja. Alikuwa na miaka kumi na sita ya kuamka kabla ya adhana. Kwa nguvu ya uamuzi ule wa 1983, miaka hiyo ilihesabiwa, akapewa theluthi ya thamani ya nyumba. Ila shauri lilichukua miaka miwili, na watoto hawali hukumu.

Hapo ndipo mitumba ilipoingia katika maisha yake. Wasomaji wa rika langu wanakumbuka uhaba wa nguo wa mwanzoni mwa miaka ya themanini, ingawa nchi ilikuwa na viwanda vyake, kikiwamo kile cha Urafiki kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China. Masharti ya biashara yalipoanza kulegezwa mwaka 1984, marobota kutoka ng'ambo yakamiminika. Ndani yake mlikuwa na makoti ya baridi kali, mashati ya watu wanene kupita kiasi na suruali zilizochanika magoti. Katika joto la Tanga, nani angevaa koti la sufu? Wauzaji waliyaacha pembeni, na mdogo wangu akayanunua jioni kwa bei ya kutupa.

Alifumua mishono kwa wembe, akafua, akapiga pasi, akakata upya. Bitana ya koti ikawa shimizi. Shati lililolika kola aliligeuza kola. Vifungo na zipu alivihifadhi katika makopo ya maziwa, na vipande visivyofaa kitu akavijaza katika mito. Hakuna kilichokwenda jalalani.

Mimi nilimpelekea daftari la shule, kwani mali bila daftari hupotea bila habari. Aliandika safu tatu: gharama ya nguo, gharama ya uzi, na bei aliyouzia. Nikamwomba aongeze ya nne, saa zake za kazi. Alicheka.

"Kaka, nijilipe mimi mwenyewe?"

"Wakili wako anabishania jambo hilo hilo mahakamani," nilimwambia. "Wewe utalikana?"

Safu ile ya nne ilifichua mengi. Magauni ya watoto aliyoyashona kwa mashuka, ambayo aliyategemea sana, yalimla siku nzima na kumrudishia kidogo. Kaptura za shule zilizotoka katika suruali za khaki za watu wazima zilimchukua saa mbili, na kila Januari wazazi walizigombea. Akaacha magauni. Fungu lake la nyumba lilipopatikana mwaka 1993, alinunua cherehani ya miguu, akapanga chumba chenye kibaraza, akaajiri wanawake wawili. Wote wawili walikuwa wameachwa kama yeye, na wote aliwalipa kwa saa.

Siku hizi vijana huiita kazi ya namna hii mitindo endelevu. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikusudia kuondoa mitumba ifikapo 2019. Rwanda ilipopandisha ushuru, Marekani iliisimamishia mwaka 2018 nafuu ya kuingiza mavazi bila ushuru. Wanaosema mitumba iliumiza viwanda vyetu wana hoja, wala sibishani nao. Ninachoona ni kwamba katika mabishano hayo yalihesabiwa marobota na ushuru, wakasahauliwa waliokaa vibarazani na wembe mkononi.

Kwa hiyo nawaomba walimu wanaofundisha historia ya biashara wasiishie kwenye mikataba na meli. Wawaulize wanafunzi nani alishona, alitumia saa ngapi, na alilipwa nini. Mdogo wangu anaweza kujibu maswali yote matatu, kwani madaftari yake bado anayo.