Sindano ya Shaba: Msaliti katika Hadithi za Pwani

Mwaka 1870 Edward Steere, mmisionari wa Kianglikana aliyewahi kuishi Unguja, alichapisha London kitabu cha hadithi za Waswahili. Mojawapo ni ya Liyongo, na mwanzo wake unamshangaza yeyote aliyefundishwa shuleni kwamba Liyongo ni shujaa. Humo tunaelezwa kuwa Shanga ilipokuwa mji wa fahari, palikuwa na mtu mwenye nguvu nyingi aliyewaudhi watu kupita kiasi, hata siku moja wakafanya shauri wamwendee nyumbani wamfunge. Kwa hiyo wanaomkamata Liyongo ni raia waliochoka, na mbaya wa hadithi, kama tutausoma mwanzo huo peke yake, ni Liyongo mwenyewe.

Miaka 43 baadaye mambo yaligeuka. Muhamadi Kijumwa wa Lamu, fundi wa kuchonga milango, mwandishi wa khati na mwanamuziki, alitunga utenzi wa Liyongo wenye beti zaidi ya 200. Shanga ikabadilishwa kwa Pate, na raia waliochoka wakamwachia nafasi sultani mmoja mwenye hofu, Daudi Mringwari. Kosa la Liyongo sasa ni umaarufu. Anatoka Shaka kwenda Pate kwa siku moja, anapuliza mapanda mpaka yanapasuka, na anapoutua mfuko wake barazani anatoa kinu, mchi, vyungu na mawe ya kusagia, vitu ambavyo mtu wa kawaida angeviletea hamali. Sultani anatazama na kuhesabu ni lini mtu huyu atakitaka kiti chake.

Mabadiliko hayo hayakuzuka hewani. Simulizi nyingine za pwani humfanya Mringwari ndugu wa Liyongo, wakigombea urithi: mmoja mkubwa kwa umri, mwingine mwenye haki zaidi kwa sheria iliyofuatwa. Pate, Shaka, Ozi na miji yote ya maeneo yale iliujua vizuri ugomvi wa namna hiyo. Msikilizaji wa upande wa Mringwari angekuwa na sababu ya kumwona Liyongo kuwa jeuri, na wa upande wa Liyongo angemwona sultani kuwa dhalimu. Utenzi wa Kijumwa ndio uliosomwa zaidi, hasa baada ya kuingia katika vitabu kama *Tenzi Tatu za Kale* cha M. M. Mulokozi, na huko hukumu ya upande wa Liyongo ikathibiti.

Hata hivyo, kama adui, sultani wa utenzi ni dhaifu kidogo. Kila hila yake inashindwa. Anamfunga Liyongo, na mama yake Liyongo, Mbwasho, anampikia mikate kwa mkono wa kijakazi Saada: mizuri ya unga safi, na mmoja wa wishwa. Walinzi, kama ilivyotarajiwa, wanaila ile mizuri na kumwachia mfungwa ule wa wishwa. Ndani yake mna tupa. Usiku gungu inapigwa nje, matari na matoazi yanazifunika kelele za chuma kikikerezwa, na asubuhi minyororo iko chini. Baadaye sultani anatuma watu wafanye urafiki naye porini alikokimbilia. Wanapanda mkoma kwa zamu kuchuma matunda, ili zamu yake ikifika wamfume mishale akiwa juu. Liyongo hapandi. Anayaangusha makoma kwa mishale yake, na wenzake wanarudi mjini wakiwa na njaa na hofu.

Anayeua ni mwana wa Liyongo. Ni hapo utenzi unapoacha kuwa hadithi ya ushujaa na kuwa kitu kizito zaidi. Sultani anamwita kijana, anamwahidi cheo na binti yake wa kumwoa, kisha anamtuma akamwulize baba yake ni kitu gani kinachoweza kumwua. Liyongo anatambua alichotumwa mwanawe. Bado anamjibu: sindano ya shaba, ikichomwa kitovuni. Kijana anakwenda, anarudi na sindano, anamkuta baba amelala. Sababu ya Liyongo kuisema siri hiyo haieleweki kwa haraka, na pengine nguvu ya utenzi iko hapo. Baba aliyekwisha kumjua mwanawe kuwa msaliti anakataa kuishi kwa kumficha.

Akiisha kuchomwa, Liyongo anakwenda kisimani akiwa na upinde, anapiga goti na kufia hapo, mshale ukiwa tayari. Watu wanakaa siku kadhaa na kiu, hakuna anayethubutu kuteka maji mbele ya mtu anayeonekana hai. Ni mama anayekuja kumsihi. Mwili unapoanguka ndipo ukweli unapojulikana, na sultani sasa anamvua kijana heshima zote alizompa na kumfukuza: mtu aliyemwua baba yake angemfaa nani? Kijana anakimbilia kwa Wagala, watu wa mama yake, na huko nako anadharauliwa hadi kufa. Huyu ndiye mbaya wa kweli, na msomaji makini atagundua kwamba sultani aliyemtuma anamhukumu bila kujihukumu mwenyewe. Hilo nalo lina uhalisi wake.

Pwani ina methali ya jambo hilo, kikulacho ki nguoni mwako, na wasimulizi wake wamerudi kwenye nguo hiyo mara kwa mara. Shaaban Robert aliiona. *Adili na Nduguze*, kilichotoka mwaka 1952, kimejengwa juu ya kisa cha *Alfu Lela Ulela* cha mtu aliyefanyiwa ubaya na ndugu zake wawili. Wale ndugu, Hasidi na Mwivu, wanabeba uovu wao majinani. Wanamtosa Adili baharini kwa sababu ya mali na mchumba wake, na wanaadhibiwa kwa kugeuzwa manyani, ambao Adili, kwa amri, huwachapa kila usiku huku akilia. Katika kisa cha Kiarabu ndugu wanasamehewa, wanarudi kuwa watu, kisha wanajaribu kumwua ndugu yao. Shaaban Robert hakukubali mwisho huo. Ndugu wa kisa chake wanatubu. Mtu anaweza kulalamika kwamba mbaya aliyeitwa Hasidi tangu ukurasa wa kwanza hana njia ya kutushangaza, na malalamiko hayo ni ya haki. Lakini huwezi kusema mwandishi hakujua anachofanya. Alitaka uovu uwe maradhi, na maradhi hupona.

Vitabu vya kijasusi vya miaka ya 1970 na 1980 vilikuwa na haraka zaidi. Willy Gamba, jasusi wa Elvis Musiba, alipambana na Makaburu wa Afrika Kusini, adui wa nje aliyeeleweka kwa kila msomaji wa Dar es Salaam aliyesikiliza taarifa za habari za ukombozi. Riwaya hizo ziliuzika sana, na bado adui huyo hakai akilini kama kijana wa Liyongo, labda kwa sababu hakuna anayempenda.

Said Ahmed Mohamed, mwandishi wa Zanzibar, alifanya jambo gumu zaidi. Katika *Utengano* (1980) aliigeuza hadithi ya Kijumwa bila kuitaja: msaliti si mwana tena, ni baba. Maksuudi ana mali na cheo, na anamfungia ndani mkewe Tamima na binti yake Maimuna kwa jina la heshima. Siku Tamima anapojifungua, Maimuna anamruhusu Bi Farashuu aingie kusaidia. Maksuudi akirudi, kipigo na talaka vinafuata. Farashuu hakuja kwa wema mtupu. Mwanawe, Mwanasururu, aliwahi kuolewa na Maksuudi, akanyang'anywa mali na kuachwa, na kikongwe huyu anakilipa kisasi polepole, kwa subira ya mtu asiye na silaha nyingine.

Hapo mipaka kati ya mwema na mbaya inakuwa shida. Anayelipa kisasi naye anamwumiza Maimuna, ambaye hajamkosea mtu. Riwaya inatuonyesha kila aliyeumizwa na Maksuudi, mmoja baada ya mwingine, mpaka anapoanguka kutoka ukubwani, lakini haimpi Farashuu cheo cha shujaa. Maimuna, aliyeufungua mlango ule siku ya kuzaliwa kwa mtoto, anatoroka nyumbani na kwenda kuishi maisha ambayo wote wawili, baba na kikongwe, wana hatia nayo.